Mbio za Motokaa na Waigaji Wake

Msimu mpya wa mashindano ya dunia ya mbio za motokaa, yale yaanzayo Monte Carlo mwezi Januari, unakaribia, na bwenini mabishano yamekwisha anza. Mimi nami nazipenda mbio hizi. Neno langu ni kwa wale wanaoziiga barabarani.

Mchezo huu si mgeni kwetu. Safari ilianza mwaka 1953, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 zilitoka motokaa 84, zikafika 7 tu! Joginder Singh wa Kenya, aliyejifunza ufundi katika gereji ya baba yake, alishinda mwaka 1965 pamoja na nduguye Jaswant kwa Volvo iliyokwisha tumika na wengine, akashinda tena 1974 na 1976. Mashindano ya dunia yaliacha kufika Kenya baada ya mwaka 2002, yakarejea 2021 huko Naivasha.

Sasa tazama barabara yetu ya Kigoma na Ujiji wakati wa jioni. Vijana wa bodaboda hushindana kati ya daladala na akina mama wanaorudi na beseni za migebuka, na abiria wao huwashangilia. Muhula uliopita mwenzetu mmoja alipakiwa mshikaki, sanduku lake mapajani, akavunjika mguu. Mtihani wa majaribio hakuufanya.

Wazee wengi husema kwamba mbio ndizo zinazowaharibu vijana. Sikubali. Vijana wameiga nusu yake tu, tena ile nusu rahisi. Dereva wa mbio huenda kasi pale tu barabara ilipofungwa, baada ya kuipitia kwanza polepole na kuandika kila kona, na mwenzake humsomea maandishi hayo njia nzima. Akitoka hapo kwenda sehemu nyingine, hupita barabara ya watu wote, motokaa yake ina namba kama ya mwalimu wetu, na akizidisha mwendo hutozwa faini. Na hili ndilo linalonifurahisha zaidi: akichelewa kituoni dakika moja huongezewa sekunde 10, lakini akiwahi dakika moja huongezewa dakika nzima. Basi yule wa Ujiji anayejisifu kuwahi angekuwa wa mwisho.

Tena hao hodari huvaa kofia ngumu na kufunga mikanda. Wetu huitundika kofia kwenye usukani, sijui inalinda nini pale.

Siku ya kufunga shule haiko mbali. Nawaomba walimu na wazazi tukodi gari moja la kuchukua masanduku na wanafunzi mpaka stesheni na stendi, kila mmoja atoe nauli ambayo angempa mwenye bodaboda. Karatasi ya kuandikisha majina iko kwa kiranja mkuu.