Maghrib ya Bagamoyo si Maghrib ya Tabora



Misafara ya kale iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kufika Ujiji, ilibeba mizigo mingi, lakini haikubeba wakati wa Swala. Muislamu aliyekuwamo aliswali kwa jua la mahali alipofika. Tabora ipo magharibi ya Bagamoyo kwa takriban nyuzi 6 za longitudo, na kila nyuzi moja ni dakika 4 za mwendo wa jua. Kwa hiyo Maghrib yetu huingia takriban dakika 24 baada ya yao, na Ujiji husubiri dakika nyingine 12 hivi.

Leo ratiba za Swala zimehamia kwenye tovuti, nazo zimekuja na tatizo ambalo familia zetu zinapaswa kulielewa. Programu hutoa jibu sahihi katika kompyuta ya fundi, kisha hutoa jibu jingine ikishapandishwa kwenye seva, ilhali hakuna hata herufi moja iliyobadilishwa. Sababu ni kwamba programu huazima mambo mengi kutoka pale inapoendeshwa: saa, tarehe, mahali, hata namna ya kusoma majina ya mafaili. Faili liitwalo "Ratiba" hufunguka kwa jina "ratiba" katika Windows, lakini seva nyingi za Linux huyahesabu hayo kuwa majina mawili.

Tulilishuhudia jambo hili katika ukurasa wa msikiti wetu mwezi wa Ramadhani. Waumini walioamka saa 8 usiku kula daku waliikuta tarehe ya jana. Asubuhi fundi aliufungua ukurasa, akauona sahihi, akadhani waliolalamika walikuwa na usingizi. Kumbe seva ilifuata saa ya kimataifa, yaani UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa 3. Huko siku mpya haianzi mpaka kwetu itimie saa 9 usiku. Kosa liliishi saa 3 tu kila usiku, nazo ndizo saa za daku.

Tiba ilipatikana fundi alipoacha kusema kwamba kwake inafanya kazi, akauliza kuna tofauti gani baina ya kwake na kule. Aliiweka kompyuta yake katika UTC, akaigiza saa 8 usiku ya Tabora, na kosa likajitokeza mbele ya macho yake. Kisha akaandika ndani ya programu jina "Africa/Dar_es_Salaam", ambalo kompyuta hulitumia kwa saa za Tanzania nzima, ili isiazime tena saa ya seva.

Hata hivyo, saa sahihi haitoshi. Tabora na Dar es Salaam zina saa moja, lakini jua lao si moja. Programu isiyopewa mahali inaweza kutumia Dar es Salaam, na hapo familia ya Tabora itafuturu takriban dakika 26 kabla ya jua kuzama, zikizidi au kupungua kidogo kwa majira. Jamhuri ya wanachuoni wamesema aliyefuturu akidhani jua limezama, kisha ikabainika halijazama, ailipe siku hiyo. Kwa hiyo tarakimu moja iliyokosewa yaweza kuiwajibisha nyumba nzima kulipa funga.

Tunazishauri kamati za misikiti ziandike juu ya kila ratiba jina la mji na saa inayofuatwa. Fundi aijaribu programu kwenye seva yenyewe, hasa usiku wa manane, wala asitosheke na kompyuta yake. Nasi waumini tukiona kosa, tusiseme tu kwamba ratiba ni mbovu. Tueleze tuliona nini, saa ngapi, kwa simu gani, na tuipige picha skrini, kwani kosa la saa 8 usiku halionekani saa 3 asubuhi.

Suratul Hujuraat, aya ya 6, imetufunza kuihakiki habari kabla ya kuifanyia kazi. Simu nayo hutuletea habari. Kabla ya kuinua tende, mzazi na amtume mtoto nje akatazame upande wa machweo.

Wabillahi tawfiq.