Koni za zambarau hazitamea Umoja

Umeiona ile picha mtandaoni. Kamti kafupi, koni za rangi ya zambarau zimesimama wima juu ya matawi kama mishumaa, na chini yake bei ya mbegu na namba ya kutuma pesa. Kabla hujatuma, tulia kidogo.

Mti wenyewe upo kweli. Unaitwa Abies koreana, kwao ni milima ya Korea Kusini, kama Hallasan kisiwani Jeju. Huzaa koni ungali mfupi, ndiyo maana wenye bustani Ulaya wanaupenda. Lakini umezoea nchi yenye majira manne: baridi kali huulaza, joto likirudi unaamka na kutoa hizo rangi. Nairobi haina baridi ya kuulaza. Julai yetu ni ya sweta tu.

Tena kuna sheria. Kuingiza mbegu au miche kutoka nje kunahitaji kibali cha KEPHIS, na hapo serikali haikusumbui bure. Mwaka 1990 chawa mdogo wa saipresi, mgeni kutoka mbali, alionekana nchini, na muda si mrefu ua na mashamba ya saipresi yakaanza kukauka na kuwa ya kahawia. Muulize mzee yeyote wa Limuru au Molo.

Sasa, kama unataka rangi kwenye balkoni au kijishamba cha plot, kuna njia. Ile saipresi ya dhahabu inayouzwa kando ya barabara ukikaribia Krismasi inafaa, mradi uiweke juani. Kivulini rangi hufifia, inarudi kijani cha kawaida. Chungu chake kisikauke hata kidogo, na ukipogoa usikate hadi kwenye mti mkavu wa kahawia, maana hapo haichipuki tena. Watu wengi huinunua Desemba, wakaifunga taa, wakaisahau sebuleni, na kufikia Februari ni kuni. Hiyo pesa ingekununulia viatu.

Ila sisi tungependa uulize mti mwingine: mutarakwa. Wamaasai huuita oltarakwai, Wakalenjin tarakwet. Huo ni wetu, na ndio jamii pekee ya juniperi inayomea yenyewe kusini mwa ikweta. Koni zake hazina magamba magumu. Ni vidonge vidogo vya bluu iliyoiva, vimepakwa unga mweupe kama zabibu, na gome lake ni la wekundu. Mti wa kike ndio unaozaa, kwa hivyo panda zaidi ya mmoja. Unakua polepole (mwenye haraka apande ndizi), na haufai Mombasa, lakini Nairobi, Nakuru, Nyahururu na Eldoret ni kwao.

Halafu kuna podo ya milimani. Mbegu yake hukaa juu ya kikonyo kinachonenepa na kuwa chekundu, ndege wakaja kula. Mvua zikishika, majani machanga hutoka ya kijani cheupe juu ya yale ya zamani yaliyokolea. Hiyo ndiyo springi yetu, inakuja na mvua.

Ajabu ni kwamba miti hii ni vigumu kuipata kwa wauza miche wa mjini. Mutarakwa ulikatwa miaka mingi kwa penseli za Wazungu na nguzo za ua, na leo serikali inataka miti bilioni 15 ifikapo 2032. Kijana mwenye mifuko mia ya miche, maji na subira ana biashara hapo. KEFRI ina kituo cha mbegu Muguga. Anzia huko, uulize mbegu za mutarakwa na podo, na jinsi ya kuziotesha, kabla mvua ya Machi haijafika.