Ginseng kwenye mkebe: Unalipia mzizi, unapata kafeini

Simama nje ya duka lolote karibu na chuo kikuu wiki ya mitihani, saa nne usiku, uhesabu mikebe ya vinywaji vya kuongeza nguvu inayotoka kwenye friji. Mwanafunzi anabeba miwili. Mwendeshaji boda anayesubiri abiria wa klabu anabeba mmoja na kuumaliza hapo hapo. Waulize kuna nini ndani, wataugeuza mkebe wakusomee: kafeini, taurini, vitamini B, na kwenye baadhi ya mikebe, ginseng.

"Hiyo ni miti shamba bana, haiwezi kukudhuru," utaambiwa.

Kauli hiyo inafaa kupimwa sasa, kwa sababu mataifa kadhaa yameanza kuvibana vinywaji hivi. Poland ilipiga marufuku kuwauzia walio chini ya miaka 18 kuanzia Januari 1, 2024. Mnamo Septemba 2025, serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kuwazuia walio chini ya miaka 16 nchini England kuuziwa vile vyenye kafeini nyingi. Mjadala mwingi ni wa kafeini. Ginseng imeachwa pembeni kama pambo la lebo.

Lakini ukifuatilia safari ya mzizi huu ndani ya mwili, utagundua kwamba lebo inakupotosha mara mbili. Inakuahidi nguvu ambayo haiji usiku huo, halafu haikwambii lolote kuhusu hatari inayoweza kuja baadaye.

Mlango wa utumbo ni mdogo

Ginseng halisi ni mzizi wa mimea ya jamii ya Panax. Aina moja hukuzwa zaidi Korea na Uchina, nyingine Marekani na Kanada. Mkulima wa Korea anaweza kungoja hadi miaka 6 kabla ya kuung'oa. Kemikali zinazoupa mzizi huo sifa zake huitwa ginsenosaidi, na wanasayansi wametambua zaidi ya 100.

Shida ya ginsenosaidi ni umbo lake. Iliyo maarufu zaidi, Rb1, ina kiini kinachofanana na homoni, na juu yake imening'iniziwa vipande vinne vya sukari. Sukari hizo huifanya iwe kubwa na ipende maji, ilhali ukuta wa utumbo una utando wa mafuta. Haipiti kwa urahisi. Katika majaribio ya panya, chini ya asilimia 5 ya Rb1 iliyomezwa ndiyo iliyoingia kwenye damu.

Inayobaki huteremka hadi utumbo mpana, na huko bakteria wanaanza kazi. Wanakata sukari moja baada ya nyingine, mpaka ibaki kemikali ndogo yenye sukari moja tu, inayoitwa kampaundi K. Hiyo sasa inaweza kupenya na kuingia kwenye damu. Ikifika kwenye ini, sehemu kubwa hurudishwa utumboni kupitia nyongo na kutoka na choo.

Safari hiyo huchukua muda. Kwa watu waliopimwa baada ya kumeza ginseng ya kawaida, kampaundi K ilifika kilele kwenye damu baada ya takriban saa 8 hadi 12. Kafeini nayo huingia karibu yote, na mara nyingi hufika kilele ndani ya saa moja.

Sasa fanya hesabu. Umekunywa mkebe saa nne usiku ili usome. Kufikia saa tano, kafeini imekufungua macho. Kampaundi K, kama mkebe ulikuwa na ginseng ya kutosha kuitengeneza, itafika kilele kesho asubuhi ukiwa tayari umeketi kwenye chumba cha mtihani. Kilichokuweka macho ni kile kile kilicho kwenye kikombe cha kahawa.

Matumbo hayafanani

Kuna jambo lingine. Bakteria wa tumbo lako si wa tumbo la rafiki yako. Watu wengine hutengeneza kampaundi K kwa wingi, wengine karibu hawatengenezi kabisa. Ukiwa umetoka kumeza dawa za antibiotiki, bakteria hao hupungua na kazi hiyo nayo hudorora. Ndiyo maana marafiki wawili wanaweza kununua chupa moja ya tembe za ginseng, mmoja aisifu na mwingine aseme amekula hasara.

Watengenezaji wa Korea wanalijua hili. Wengine huuza ginseng iliyochachushwa, yaani bakteria wameshakata sukari kabla hujaimeza, na kampaundi K hufika kwenye damu mapema zaidi. Kwa hivyo ukiona "miligramu 500" kwenye chupa, hicho ni kiasi ulichomeza, si kiasi ulichopata.

Na jina pia linahitaji macho. Inayoitwa "ginseng ya Siberia" si Panax na haina ginsenosaidi hata moja. Vilevile mukombero wetu wa Kakamega: una watu wake na sifa zake, lakini ni mmea wa ukoo tofauti kabisa. Mtu akikuuzia mukombero kwa jina la ginseng, anakuuzia hadithi.

Kidogo hicho kinaweza kugusa dawa

Utauliza, kama ni kidogo tu kinachofika, wasiwasi ni wa nini?

Wasiwasi ni ini. Humo mna vimeng'enya vinavyochakata dawa nyingi tunazomeza, na ginseng inaweza kuvichochea. Katika utafiti wa mwaka 2012, watu 12 wenye afya walitumia ginseng kwa siku 28. Walipopewa dawa ya usingizi ya midazolam, kiasi chake katika damu kilikuwa kimepungua kwa karibu theluthi moja. Dawa ilikuwa inaondolewa mwilini haraka kuliko kawaida. Mwaka 2004, jarida la Annals of Internal Medicine lilichapisha utafiti wa watu 20 ulioonyesha kwamba ginseng ya Marekani ilipunguza nguvu ya warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda.

Kisa kinachowahusu vijana zaidi ni cha mwaka 2010. Madaktari waliripoti kuhusu mwanamume wa miaka 26 mwenye saratani ya damu, aliyekuwa ametumia dawa ya imatinib kwa miaka 7 bila tatizo la ini. Ini lake liliumia baada ya kunywa vinywaji vya nguvu vyenye ginseng kila siku kwa miezi mitatu. Aliacha vinywaji hivyo, akatibiwa, akarudishiwa imatinib, na tatizo halikurudi. Kisa kimoja hakithibitishi kila kitu, lakini si cha kupuuzwa.

Vimeng'enya vya aina hiyo hiyo huchakata pia baadhi ya dawa za kupanga uzazi na za kupunguza makali ya HIV. Hilo halimaanishi kila dawa itaharibika kwa sababu ya mkebe mmoja. Linamaanisha kwamba anayemeza dawa kila siku ana haki ya kujua anachokunywa, na leo lebo nyingi hazimsaidii.

Tudai nini?

Umoja wa Ulaya unataka kinywaji chenye zaidi ya miligramu 150 za kafeini kwa lita kiandikwe onyo. Vinywaji vingi vya nguvu vina karibu miligramu 300 kwa lita, kumaanisha mkebe wa nusu lita ni karibu vikombe viwili vya kahawa. Hapa kwetu, mzizi ukiuzwa kama dawa, Bodi ya Dawa na Sumu (PPB) ina la kusema. Ukitiwa kwenye kinywaji unahesabiwa kuwa chakula, na hapo viwango ni kazi ya KEBS. Ni mzizi ule ule, tumbo ni lile lile, lakini maswali yanayoulizwa ni tofauti.

Kama kampuni inataka kuuza kwa jina la ginseng, basi iandike ni aina gani, ni kiasi gani, na iwaonye wanaotumia dawa. Kama kiasi ni kidogo mno kufanya lolote, jina litolewe kwenye mkebe.

Kabla ya siku hiyo kufika, chukua hatua mbili. Kama uko kwenye dawa yoyote ya kila siku, mwambie daktari au mfamasia kuhusu vinywaji na tembe unazotumia, hata zile unazoziona "za kienyeji tu". Na ukinunua mkebe kesho, hesabu kafeini, kwa sababu hiyo ndiyo unayolipia.