Gitaa la safari laweza kutoka kihambani

Mkulima wa Kibosho au Marangu anapobanwa na ada ya shule, mara nyingi huitazama miti iliyomo kihambani. Mringaringa ulioipa kahawa kivuli kwa miaka mingi unauzwa ukiwa umesimama, mwenye msumeno ndiye anayepanga bei, na mbao zinateremshwa Moshi kuwa vitanda na milango. Vipande vifupi vinavyobaki kwa fundi huishia kuwa kuni.

Ipo bidhaa inayohitaji vipande hivyohivyo, nayo ni gitaa kavu dogo la safari. Kampuni ya Martin ya Marekani ilianza kuuza gitaa la namna hiyo, liitwalo Backpacker, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Uzito wake ni kama kilo moja tu, na mwaka 1994 moja lilipelekwa angani katika chombo cha Columbia. Wanunuzi wake ni wapanda milima na wasafiri wa begi mgongoni, yaani watu wa aina ileile wanaopita Moshi wakielekea lango la Machame au Marangu. Mlimani kila kilo ina mtu wa kuibeba, na mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20. Gitaa kubwa halina nafasi humo. Na wapagazi wenyewe, kama ajuavyo kila mgeni aliyeshuka, ni waimbaji.

Seremala wa Majengo ana sababu ya kulifikiria jambo hili. Vinyago na fulana kwa watalii vimekwishajaa, na vinafanana duka hadi duka.

Miti ipo. Mringaringa ni jamaa wa ziricote, mti wa Mexico unaothaminiwa sana na watengeneza magitaa. Mgrevilea asili yake ni Australia, na huko mafundi huutumia kwa mgongo na mbavu za gitaa. Ubao wa mbele unataka mti mwepesi wenye mistari iliyonyooka. Saiprasi ya West Kilimanjaro inafaa kujaribiwa.

Ufundi nao si uchawi. Kinshasa yuko fundi maarufu, Socklo, aliyejenga jina kwa kutengeneza magitaa kwa mkono katika karakana ya kawaida. Kazi inayowashinda wengi ni kupanga vile vyuma vyembamba vya shingoni, nayo ni hesabu tu. Chukua urefu wa waya, gawanya kwa 17.817, utapata nafasi ya chuma cha kwanza. Waya wa milimita 580 unatoa milimita 32.6. Kinachobaki gawanya tena vivyo hivyo, uendelee. Chuma cha 12 lazima kiangukie katikati kabisa, milimita 290. Kisipoangukia hapo, hesabu imekosewa. Kosa la kipimo linaweza kuharibu usahihi wa sauti.

Hatari kubwa ni haraka. Wazee wanakumbuka galatoni, magitaa ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini yaliyoenea huku miaka ya 1950. Ndani yake kulikuwa na kibandiko cha kudhamini kwamba halitapasuka, na ahadi hiyo haikuwekwa bure. Ubao wa mbele una unene wa milimita 3 hivi. Ukitengenezwa mbichi, utasinyaa na kupasuka katika nyumba ya mteja Ulaya, ambako hita hukausha hewa majira ya baridi. Mteja huyo hatarudi, na atawaambia wenzake. Kwa hiyo fundi aanze na magitaa matatu au manne, ayape waimbaji wa mjini wayapige miezi kadhaa, ndipo aagize nyuzi na funguo za kukazia kwa wingi. Hivyo viwili havitengenezwi kijijini, na vitakula sehemu ya faida.

Mkulima naye asikae kumngoja dalali. Mringaringa ni mti wa asili, hivyo aanzie ofisi ya maliasili ya halmashauri kuuliza kibali kabla ya kushika msumeno. Baada ya kupasua, achague vipande visivyo na vifundo, avipake rangi kwenye ncha ili visipasuke, avipange kivulini juu ya vijiti vya kupitisha hewa, aandike tarehe. Kama kanuni ya maseremala, ubao wa inchi moja huhitaji karibu mwaka mzima kukauka. Ukishakauka, auze kwa kipande, bei akiipanga yeye.