Masako: majani yapimwe kwa kilo, si kwa mdomo

Msitu wa hifadhi wa Masako, kilomita 14 hivi toka Kisangani kwa barabara ya zamani ya Buta, unalindwa tangu mwaka 1953. Anayepita barabarani anaona kijani kila upande na kusema: "Hapa mifugo haiwezi kukosa chakula." Anajidanganya. Chini ya miti mikubwa malisho ni haba. Majani yanaota kwenye mashamba yaliyopumzishwa, na ni huko huko mkulima anarudi kupanda mihogo. Familia iliyokimbia mapigano ya Wambole na Walengola tangu 2023, ikipewa kipande cha kulima, itapewa huko pia.

Katika Bas-Uélé, ugomvi wa wakulima na wafugaji Wambororo umedumu miaka. Mkulima analia kwamba shamba limeliwa, mfugaji anakana. Kuhesabu vichwa vya ng'ombe peke yake hakumalizi ubishi huo. Lazima ijulikane majani yaliyoliwa ni kilo ngapi.

Hesabu si ngumu. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji karibu kilo 6 za majani makavu kwa siku. Yakiwa mabichi, zaidi ya kilo 20. Ng'ombe 50 ni kilo 300 kwa siku, tani 9 kwa mwezi. Mbuzi wa wenyeji nao wahesabiwe: mmoja anakula karibu kilo 1 kavu kwa siku.

Kupima kunataka fito, kamba, kisu na mizani ya sokoni. Funikeni sehemu kadhaa za malisho kwa vizimba vya mita 1 kwa mita 1. Baada ya wiki chache kateni majani ya ndani na ya nje, kimo kimoja, anikeni yakauke, pimeni. Tofauti ndiyo iliyoliwa au kukanyagwa. Hamisheni vizimba, mrudie. Chuo Kikuu cha Kisangani, kinachofanya utafiti Masako, kina wanafunzi wa kusaidia kazi hiyo.

Wafugaji wazoefu huacha nusu ya majani ili yaote tena. Anayeruhusu mifugo bila kipimo anakula hiyo nusu, na majani yakiisha ng'ombe ataingia kwenye mihogo. Atakayelala njaa si aliyetoa ruhusa. Ni mama aliyekwisha kupoteza shamba moja vitani.

Chifu, mfugaji na mkulima wapime pamoja, mbele ya watu. Kabla ya kilo kujulikana, kundi jipya lisipokelewe.