Hesabu ya x Si ya Wenye Vichwa Peke Yao

Kaa kwenye kikao cha wazazi cha shule yoyote ya Kishanda, Nshamba au Kamachumu, wilayani Muleba, utasikia kauli ambayo hakuna anayeipinga: "Huyu hesabu hazipandi." Husemwa mtoto mwenyewe akiwapo, naye huinamisha kichwa akakubali kwamba ndivyo alivyoumbwa. Na hukumu hii hutolewa hasa pale herufi ya x inapoingia ubaoni. Kujumlisha na kuzidisha, wanasema, kila mtu anaweza akikazana, lakini aljebra ni ya wenye vichwa. Naipinga imani hiyo kwa nguvu zangu zote, kwa sababu inawaua watoto kielimu wakiwa na miaka kumi na miwili.

Tazameni ukubwa wa jambo lenyewe. Mwaka 2022, katika mtihani wa kidato cha nne, waliofaulu Hisabati hawakufika hata robo ya watahiniwa wa nchi nzima. Watoto haohao walifaulu Kiswahili kwa wingi. Haiwezekani zaidi ya robo tatu ya vijana wa taifa wawe wamezaliwa bila akili ya namba. Walichokosa ni kufundishwa.

Wapo pia wazazi wanaosema x haina kazi kijijini, na ndio haohao wanaoishi nayo kila mwaka. Chukua butura, ule uuzaji wa kahawa ikiwa bado mtini ambao serikali imeupiga marufuku mara kwa mara na ambao bado unafanyika. Januari shule zinafunguliwa, sare na madaftari vinahitajika, kahawa ni mbichi. Anakuja mtu na shilingi 240,000 mkononi, anataka kahawa yote ya kibanja msimu ukifika. Mkulima hajui atavuna kilo ngapi, wala hajui bei itakuwaje. Hivyo viwili ndivyo asivyovijua, na anatakiwa kuamua leo.

Sasa fikiria mkulima huyo alifundishwa kukishika asichokijua bila woga. Atasema: tuseme bei itakuwa shilingi 4,000 kwa kilo. Kilo nisizozijua, mara 4,000, ziwe 240,000. Basi ni kilo 60, na kila kilo inayozidi hapo nimemgawia mnunuzi bure. Au atageuza swali: kibanja changu hakijawahi kunipa chini ya kilo 120, kwa hiyo bei ikipita 2,000 tu, nimeibiwa. Hiyo ndiyo aljebra, na imefanywa bila kuandika x hata mara moja. Fedha yenyewe anaweza kuichukua vilevile, maana shida haina adabu, lakini ataichukua akijua ni mkopo wa gharama gani, na pengine atatafuta mwingine.

Kosa la ufundishaji liko wapi, basi? Nadhani linaanza mapema sana, kwenye alama ya sawasawa. Tangu darasa la kwanza mtoto anaiona mwishoni mwa hesabu, na baada yake anaandika jibu. Kwake alama hiyo ni amri: toa jibu. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya swali dogo walilowapa wanafunzi 145 wa darasa la sita: 8 + 4 = ☐ + 5. Hakuna hata mmoja aliyeandika 7. Wengi waliandika 12, wengine 17. Hao ni watoto wenye vitabu na madawati ya kutosha. Mtoto anayeisoma alama ya sawasawa namna hiyo, umpe 3x + 1 = 7, atafanya nini? Jibu limeshaandikwa pale, na bado anaambiwa atafute jibu.

Hapo ndipo mwalimu humwokoa kwa kanuni ya haraka: peleka ng'ambo, badili alama. Sijui kanuni iliyoharibu watoto wengi kama hii. Mtoto anaipeleka 1 ng'ambo, anapata 3x = 6. Kisha, kwa utii uleule, anaipeleka na 3 ng'ambo akiibadili alama, anaandika x = 3. Anapata kosa, anachapwa au anachekwa, na kila mtu anasema hazipandi. Lakini alifuata kanuni aliyopewa!

Mpelekeni huyo mtoto dukani penye mizani ya sahani mbili. Sahani moja ina vifurushi vitatu vya maharage vyenye uzito sawa pamoja na jiwe la kilo 1, nyingine ina mawe ya kilo 7, na mizani imetulia. Ondoa kilo 1 huku na kilo 1 kule. Imebaki imetulia, vifurushi vitatu kwa kilo 6. Kila kifurushi ni kilo 2. Hakuna kilichovuka kwenda ng'ambo yoyote. Na akitaka kuhakikisha, arudishe 2 mahali pake: mara tatu ni 6, na 1 ni 7. Yule aliyeandika 3 angejirekebisha mwenyewe, kwa sababu kwake zingetoka 10.

Wala aljebra haihitaji herufi ili ianze. Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, alieleza milinganyo yake yote kwa maneno tu. Namba asiyoijua aliiita kitu. Sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra inahusu mgawanyo wa mirathi, mambo ambayo mahakama za mwanzo za Bukoba na Muleba zinayasikiliza mpaka leo. Zaidi ya miaka mia nane ilipita kabla René Descartes hajatumia x, y na z katika kitabu chake cha jiometria cha mwaka 1637. Kwa nini basi mtoto wetu akutane na herufi siku ya kwanza, kabla hajazungumza kwa maneno?

Najua nitakachojibiwa: madarasa yamefurika, na akifika kidato cha kwanza lugha inageuka Kiingereza. Kweli kabisa. Lakini aliyekariri maneno ya kanuni kwa Kiswahili ndiye atakayepoteza kila kitu lugha ikibadilika. Aliyeelewa mizani ataitambua kwa lugha yoyote. Na darasa la watoto mia linahitaji chaki moja. Mwalimu aandike 8 + 4 = ☐ + 5, anyamaze, awaache wabishane. Wengi watasema 12. Asiwafutie jibu lao. Aliandike ndani ya kisanduku, awaombe wajumlishe upande wa kulia, kisha wa kushoto.