Kabla ya Alifu

Ukuta uliopakwa chokaa juzi, leo una mistari ya makaa mpaka usawa wa kiuno. Mama hughadhibika, mtoto hujificha nyuma ya mlango, na aghalabu mambo huishia kwa kofi na kitambaa cha maji. Wazazi wenzangu, tuitazame mistari hiyo kabla hatujaifuta, kwani ndiyo mwanzo wa kuandika.

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hukwaruza kwa mkono mzima, kuanzia begani. Hakusudii kuchora kitu. Humfurahisha kuona kwamba mkono wake umeacha alama. Miezi ikipita, mikwaruzo huanza kuzunguka, na afikapo kiasi cha miaka mitatu duara hufunga. Punde duara huota macho, kisha miguu miwili inayotoka kichwani bila ya kiwiliwili, naye akakwambia kuwa huyo ni bibi. Mistari miwili inayokatana huja karibu na miaka minne, mraba baadaye, na pembetatu karibu na mitano. Sasa zitazame herufi: nyingi ni vijiti, duara, nusu duara na nukta. Wazee wetu humwambia mjinga kuwa hajui alifu kwa kijiti. Basi aliyechora kijiti ukutani ameikaribia alifu, ijapokuwa hajui jina lake.

Linalosikitisha ni pupa iliyotuingia. Mtaala wa Kenya humpokea mtoto katika PP1 akiwa na miaka minne, na Gredi ya kwanza akiwa na sita. Hata hivyo wako wa miaka mitatu wanaorudi nyumbani na kurasa za kunakili, na wako wazazi wanaochagua shule kwa wingi wa madaftari yaliyojaa. Mkono huo bado mchanga. Kifundo chake kina mifupa midogo minane ambayo mtoto huzaliwa nayo ikiwa gegedu, nayo hugeuka mfupa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Penseli hushikwa kwanza kwa ngumi. Vidole vitatu huja kuizoea vyema baina ya miaka minne na sita. Ukimlazimisha mapema, hubana, huchoka, na hujifunza kwamba kalamu ni adhabu. Nasi ni umma ambao wahyi wake wa kwanza uliitaja kalamu!

Vidole hupata nguvu jikoni kabla ya darasani. Mpe donge la unga wa mahamri alikande. Mwache amenye mbaazi, achague chuya katika mchele, atunge asumini pamoja na dada zake. Mkienda ufuoni, mpe kijiti achore mchangani. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) aliwachorea masahaba mraba, na mstari uliopita katikati yake ukatoka nje, ili wafahamu binadamu, ajali iliyomzunguka na matumaini yanayoipita ajali hiyo. Watu wazima walifundishwa jambo zito kwa mchoro.

Kuhusu picha za viumbe, najua baadhi ya akina mama wana wasiwasi. Bibi Aisha alicheza na wanasesere katika nyumba ya Mtume, na wanazuoni wengi wametoa humo ruhusa kwa michezo ya watoto. Nyumba isiyopenda, na imwelekeze kwa upole kwenye mashua, minazi na milango ya nakshi. Yule bibi wa miguu kichwani asichanwe mbele ya macho yake.

Watoto wetu wana kazi ya ziada. Shuleni mstari huanzia kushoto, chuoni huanzia kulia. Usishangae basi akiandika jina lake kinyumenyume, kama linavyoonekana kwenye kioo. Tangu kuzaliwa amejua kuwa kikombe ni kikombe, mkono wake ukielekea huku au kule. Herufi ndicho kitu cha kwanza kinachobadili jina kwa kugeuzwa, b ikawa d. Na kule chuoni, nukta moja chini ni bee, mbili juu ni tee. Jambo hili huonekana hata kwa watoto wenye akili nyepesi, na wengi huliacha wafikapo miaka saba au minane. Asichekwe, wala asipigwe. Likizidi umri huo, na kusoma nako kukawa kuzito, hapo zungumza na mwalimu wake.

Kama inawezekana, wakutane mwalimu wa shule na maalimu wa chuo, au wewe mama uwe mjumbe baina yao, ili herufi mpya za pande mbili zisimwangukie mtoto katika wiki moja. Na madaftari yawe mawili ya rangi mbalimbali, kila moja na alama ya nyota ndogo pale mstari unapoanzia.